Fundo Lililolalia Kushoto

Kwamba mbwa alikufa, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa ni mkono wa nani.

Mpelelezi wa baraza la madaktari wa wanyama alikiweka kichupa mezani, mbele ya mwalimu wa upasuaji ambaye hospitali nzima ilimwita Bingwa. Ndani ya kichupa kulikuwa na maji ya dawa, na ndani ya maji kulikuwa na kipande cha uzi chenye fundo, kidogo tu, kama uzi uliobaki baada ya kushonea kifungo.

"Huu ndio uliotoka tumboni mwa Shanga?"

"Ndio huo. Niliutoa mwenyewe tulipoupasua mzoga, wanafunzi wangu wote wakiangalia."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

Bingwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Alikuwa mwalimu wa siku nyingi, na mtu wa namna hiyo ukimwambia aeleze ni kama umemwekea chakula mezani.

"Hapa hatufundishi watoto," alisema. "Wote ni madaktari wa wanyama, wana vyeti vyao. Wanarudi darasani kutafuta ubingwa wa upasuaji wa tishu laini, kwa mbwa na paka. Tishu laini ni kila kisicho mfupa: tumbo, kibofu, ngozi, kizazi. Siku ile tulikuwa tunamtoa Shanga kizazi. Kazi ya kawaida. Kuna ovari mbili, kila moja ina mshipa wake wa damu. Unabana kwa koleo, unafunga uzi, unakata. Uzi ukikaa, mbwa anaenda nyumbani anatingisha mkia. Uzi ukiteleza, mshipa unarudi ndani unavuja, na nje umeshashona. Nani ataona?"

"Na huu uliteleza."

"Uzi wa ovari ya kwanza umekaa imara. Huu wa ya pili ndio ulioteleza. Jioni mbwa alitoka hapa kwa miguu yake. Asubuhi mwenye mbwa akamkuta amekufa, baridi."

"Nani alifunga ya pili?"

Bingwa alisogeza kichupa kwenye mwanga wa dirisha. "Fundo lenyewe linamtaja. Tazama mzunguko wa kwanza. Anayetumia mkono wa kulia huulaza kulia. Huu umelalia kushoto. Na darasani kwangu wa mkono wa kushoto ni mmoja tu." Akarudisha miwani usoni. "Kijana mzuri, usinielewe vibaya. Lakini ana mzaha mwingi. Nimeshalisema mbele ya wenzake wote, na leo alasiri nitalisema mbele ya kamati."

"Kamati ikikubali?"

"Anaondoka kwenye mafunzo. Na leseni yake sidhani kama itabaki."

Mpelelezi aliangalia fundo kwa kioo cha kukuza. Mzunguko wa kwanza ulilalia kushoto, kweli. Wa pili nao ulilalia kushoto. Alikitia kichupa mkobani, akatoka.

*

Kijana wa mkono wa kushoto, ambaye wenzake walimwita Shoto, alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo anakunja mavazi yake ya kijani na kuyatia kwenye begi.

"Karibu, afande. Umekuja kunifunga au kunisindikiza?"

"Mimi si askari tena. Mbona unafungasha na kamati haijakaa?"

"Nimezoea, mama. Tangu darasa la kwanza, chaki ikivunjika, nani? Shoto. Wino ukimwagika, nani? Shoto. Bibi yangu alikuwa ananifunga mkono kwa kitambaa nile kwa ule mwingine. Leo mbwa amekufa." Akafunga zipu ya begi, ikakwama katikati, akaiacha hivyo hivyo. "Nani?"

"Niambie siku ile ilikuwaje."

"Bingwa alifunga ovari ya kwanza mwenyewe, atuonyeshe. Ya pili akasema ni yangu. Nikashika koleo, nikabana vizuri, glavu ikapasuka. Glavu ikipasuka hakuna majadiliano, unatoka, unanawa upya, unavaa nyingine. Niliporudi, ovari ilikuwa imeshafungwa na imeshakatwa, na Bingwa anasimulia habari ya paka aliyemeza sindano. Nikashona ngozi. Basi."

"Aliyefunga?"

"Sikumwona, na jina la mtu nisiyemwona silitaji."

"Na haya umewaambia?"

"Nimewaambia. Walicheka." Shoto alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Mtu ukizoea kuchekesha, mama, siku ukilia wanapiga makofi."

Mpelelezi alitoa kidonge cha uzi mkobani. "Funga hapa kwenye mgongo wa kiti. Kama unafunga mshipa."

Vidole vya Shoto vilikwenda haraka. Mzunguko wa kwanza ukalala kushoto. Wa pili akauvusha kulia, akakaza. Mpelelezi akauvuta kwa nguvu, kiti kikasogea, fundo halikusogea.

"Mbona wa pili umeurudisha upande mwingine?"

"Lazima urudi. Ikilala yote upande mmoja ni fundo la kufungia mfuko wa mkaa, linateleza. Hilo tunafundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo."

"Ukiwa na haraka unaweza kusahau?"

Shoto alifikiri. Angeweza kusema hapana, akajiokoa. "Mtu yeyote anaweza kusahau," alisema. "Hata mimi."

*

Kwenye ukumbi wa kusubiria, kati ya mwanamke mwenye paka kapuni na mtu aliyekumbatia sungura, alikaa mzee aliyeshika mkanda wa mbwa usio na mbwa. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye Shanga. Maisha yake yote aliendesha treni, na masikio aliyaacha huko huko kwenye injini.

Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene, amejitanda khanga safi, magotini ana koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama kadibodi.

Mpelelezi akamwinamia mzee. "Shikamoo baba. Pole sana."

"Marahaba. Sema upande huu, huu mwingine umekufa."

"Nasema pole kwa Shanga!"

"Ahsante. Nimekuja kuwaambia msiwasumbue hawa vijana." Mzee aliuzungusha mkanda mkononi. "Mbwa nimemuua mimi."

Mwenye sungura aligeuka.

"Kivipi, baba?"

"Waliniambia asiruke, asipande juu ya kitu, mpaka kidonda kipone. Mke wangu ni mgonjwa, hatoki kitandani. Akiita mimi sisikii, Shanga ndiye anayekuja kunivuta suruali. Sasa jioni ile nilimpandisha kitandani. Mimi mwenyewe. Asubuhi ndiyo hivyo." Akatazama mlango. "Kwa hiyo niandike mimi, binti yangu. Hawa wana maisha mbele."

Mpelelezi hakuandika. Ni kweli kuruka kunaweza kulegeza fundo bovu. Lakini mtu anapokuja mwenyewe kuomba alaumiwe, kuna analolifunika, na yeye aliliweka hilo akilini.

Mama mwenye koti alitikisa kichwa. "Tangu asubuhi anasema hivyo hivyo, maskini. Wewe ndiye unayechunguza? Mimi nimemletea mwanangu koti. Leo kamati, watu wakubwa, lazima aonekane nadhifu. Unamjua? Yule wanayemwita Kimya."

"Nimemsikia."

"Hutamsikia, labda utamwona!" Mama alicheka, akajipiga paja. "Ndiye msaidizi wa Bingwa. Wenzake wanasukumana nyuma ya mgongo wa mwalimu kuchungulia, yeye anasimama ng'ambo ya meza, uso kwa uso naye. Kila siku. Si kwa kujipendekeza, hapana. Ni adabu. Nimemlea peke yangu, baba yake alishatangulia. Nilimwambia, mwanangu, sisi hatuna mtu, kinga yetu ni heshima. Mkubwa akisema, wewe ni ndiyo. Na hajawahi kuniangusha. Bingwa akimwambia jua linachomoza magharibi, atakwenda kufungua dirisha la magharibi."

"Hajawahi kumbishia?"

"Wee! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Akalilainisha koti ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja. "Muulizeni kwa upole tu. Ana moyo mwepesi. Siku hizi hali vizuri."

"Tangu lini hali vizuri?"

"Tangu mbwa wa mzee afe."

*

Chumba cha mazoezi kilikuwa na meza ndefu ya chuma, dirisha kubwa upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili. Juu ya meza kulikuwa na vibao vyenye mipira myembamba iliyosimamishwa kama mishipa, wanafunzi wajizoeze kufunga kabla ya kugusa mnyama. Kimya alikuwa peke yake, amesimama ng'ambo, anafunga. Alipomwona mtu mzima aliacha kila kitu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea, endelea. Nionyeshe."

Alifunga polepole, vizuri, kwa mkono wa kulia. Wa kwanza, wa pili ukarudi, akakaza. Fundo la kupigia picha.

"Sasa funga kama kuna mtu anakuharakisha. Haraka! Mgonjwa mwingine anasubiri!"

Msichana alishtuka. Uzi ulizunguka mara mbili upande ule ule, akaachia. Mpelelezi alivuta kwa kidole kimoja tu, na kitanzi kikateleza mpaka juu ya mpira, kikatoka. Alikwenda mlangoni akamtuma mhudumu amwite Bingwa, na Shoto aje pia.

Walipofika, alisema, "Mwalimu, simama mahali pako pa kila siku. Wewe binti, baki pako. Fungeni mzunguko mmoja tu, wote pamoja."

Bingwa alifunga bila kutazama, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Macho ya Kimya yalikuwa kwenye mikono ya mwalimu. Uzi wa Bingwa ulielekea dirishani. Uzi wa Kimya nao ulielekea dirishani.

"Dirisha liko mkono wako upi, mwalimu?"

"Wa kulia."

"Na wako, binti?"

Kimya alikuwa ameshaona. "Wa kushoto."

Mpelelezi aliunyanyua mpira wa kila mmoja na kuuweka kando kwa kando, akakitua kichupa katikati. "Hawa wengine wamejifunza wakiwa nyuma ya mgongo wako, wanaona unachokiona wewe. Huyu umemweka mbele yako tangu siku ya kwanza, kwa kuwa msaidizi husimama ng'ambo. Amejifunza fundo lako kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Ukilipeleka dirishani, na yeye analipeleka dirishani. Hajui kama ni kinyume, na wewe hukuwahi kuuliza, kwa sababu likifungwa vizuri linakaa sawasawa. Kulala kushoto hakuui. Kilichoua ni kwamba wa pili haukurudi. Mwalimu, darasani kwako mafundo ya kushoto yako mawili, si moja."

Bingwa alichukua kioo cha kukuza. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Binti," mpelelezi alisema, "nani alifunga ovari ya pili?"

Kimya alimtazama Bingwa.

"Mjibu," Bingwa alisema.

"Mwalimu, ulisema ni Shoto."

"Huulizwi nilichosema mimi."

"Ulisema mbele ya watu wote, Mwalimu." Alikuwa anaufinya uzi vidoleni. "Ningekupinga vipi?"

Hapo Shoto aliyekuwa ameegemea mlango alisimama wima. Hakuwa na mzaha usoni. "Dada yangu," alisema, "kila siku tunakunywa chai meza moja. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na ulikuwa unanipa sukari."

Kimya aliinamisha kichwa. Mpelelezi alikivuta kigoda, akakaa, ili asiwe juu yake. "Sema yote. Polepole."

"Glavu ya Shoto ilipopasuka, Mwalimu aliniambia funga wewe. Alikuwa anasimulia habari ya yule paka, watu wanacheka. Nikafunga. Mshipa ulikuwa na mafuta mengi. Nilipolegeza koleo niliona uzi umesogea. Kidogo, kama ukucha. Nikasema, 'Mwalimu.'"

"Na yeye?"

"Alisema, 'Endelea, mgonjwa mwingine anasubiri.'"

"Na wewe?"

"Nikasema, 'Ndiyo, Mwalimu.'"

Bingwa alishika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa inatafuta siku ile, na ilionekana wazi ilipoipata. "Ulisema 'Mwalimu'," alirudia. "Nilisikia. Nilidhani unataka nimalize hadithi." Akakaa kwenye kigoda kingine, mtu mzima, mikono magotini. "Ningeinama tu nikatazama. Kuinama tu. Laiti ungeniambia mara ya pili!"

"Mara ya pili ni kubishana, Mwalimu."

Kitu kilianguka mlangoni. Lilikuwa ni koti jeupe. Mama yake Kimya alikuwa amesimama nyuma ya Shoto, na hakuna aliyejua amesimama tangu neno gani.

"Mwanangu," alisema, "mbona hukusema? Mnyama wa watu! Na huyu mwenzio anafukuzwa hivi hivi! Mbona hukusema?"

Kimya hakumjibu kwa ukali, maana ukali hakuwa nao.

"Mama, kwani lini niliwahi kusema?"

Yule mama aliinama kuliokota koti, akawa analikung'uta, analikung'uta, na vumbi hakuna. Mzazi anayesoma hapa na ajiulize mwenyewe angejibu nini.

Mpelelezi alisimama. "Shoto, kafungue hilo begi. Mwalimu, kamati utaiambia wewe au niiambie mimi?"

"Nitaiambia mimi. Yote. Na la paka nitalisema."

"Na mimi, mama?" Kimya alimuuliza mpelelezi.

"Wewe sikuahidi kitu. Kamati ina watu wake. Fundo kuteleza, kila mpasuaji ana lake. Uliloliona ukalinyamazia ndilo litakalopimwa, na lile la mwenzio zaidi." Akakitia kichupa mkobani. "Lakini kabla ya kamati kuna mtu huko nje anaamini ameua kwa mkono wake. Huyo si wangu, wala si wa mwalimu."

*

Mzee alikuwa pale pale. Kimya alipiga magoti mbele yake, kama alivyolelewa.

"Baba, mimi ndiye," alisema.

"Eh?"

"Mimi ndiye niliyefunga uzi. Uliteleza."

"Sisikii, binti. Sema kwa nguvu."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwenye paka, mwenye sungura, wahudumu, Shoto kando ya ukuta, Bingwa nyuma yake, na mama ameshika koti. Kimya aliangalia nyuma mara moja. Mama yake aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, akaitikia tena.

"Ni mimi!" Sauti ilipanda, ikapasuka katikati, ikapanda tena. "Uzi niliufunga vibaya, baba! Niliona umesogea, nikanyamaza! Hata angelala sakafuni asingepona! Nisamehe!"

Mzee alimtazama usoni, si kwa hasira, ila kama mtu anayesubiri treni ipite ndipo azungumze.

"Kwa hiyo si kitanda?"

"Si kitanda, baba!"

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika!"

Mzee alianza kuuzungusha mkanda, akaukunja vizuri, akautia mfukoni. Mpelelezi alimshika kiwiko ili asimame.

"Basi niwahi nyumbani," alisema mzee, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Nilidanganya kidogo, mtanisamehe. Si mimi niliyempandisha. Mke wangu ndiye aliyemwita, akapanda. Tangu siku ile amegeukia ukuta, hataki kusema na mtu."